Joto Linapoisukuma Sumaku

Mada yetu leo, hapa Bogoro katika mkoa wa Ituri, ni joto na sumaku, na kile ambacho watu wa fizikia wanakiita mkondo wa spini. Penye uzito nitakwenda polepole, kwingine nitapita haraka. Naomba tu mshike jambo moja tangu mwanzo: metali nyingi nitakazozitaja, yaani dhahabu, tantali, wolframu na kobalti, zinachimbwa katika nchi yetu ya Kongo, na dhahabu inachimbwa katika mkoa wetu huu. Watoto wetu wanajua bei ya metali hizo kabla hawajajua kuandika. Nataka wajue pia kinachotokea ndani yake.

Tuanzie Berlin, mwaka 1821. Thomas Johann Seebeck, mzaliwa wa Tallinn, aliunganisha vipande viwili vya metali tofauti, shaba na bismuti, vikafanya duara. Akapasha joto kiungo kimoja, kiungo cha pili akakiacha baridi. Sindano ya dira aliyoiweka karibu ikageuka. Seebeck akasema kwamba tofauti ya joto imezifanya metali kuwa sumaku. Aliamini jambo hilo kiasi cha kufikiri kwamba hata sumaku ya dunia nzima huenda inatokana na tofauti ya joto kati ya sehemu za ikweta, tunakoishi sisi, na ncha za baridi.

Hans Christian Ørsted wa Denmark alimpinga. Mwaka mmoja kabla, yeye mwenyewe alikuwa ameonyesha kwamba waya wenye umeme hugeuza dira. Kwa hiyo alisema: joto limezaa umeme, na umeme ndio umegeuza sindano. Ørsted alikuwa sahihi, nasi mpaka leo tunalitumia jambo hilo kupima joto la tanuru na la injini. Seebeck hakukubali. Alifariki mwaka 1831 akishikilia kwamba alichokiona ni sumaku iliyozaliwa na joto. Mwekeni mtu huyu moyoni, kwa sababu miaka 187 baada ya jaribio lile swali lake lilirudi mezani kwa sura ambayo hakuna mtu wa enzi yake angeweza kuiwazia.

Kile ambacho vitabu vya shule vinatufundisha ni kinyume: joto huua sumaku. Ni kweli, na mnaweza kulithibitisha wenyewe. Toeni sumaku iliyomo ndani ya spika ya redio iliyoharibika. Mwombeni fundi chuma aupashe msumari kwenye makaa mpaka uwe mwekundu wa kung'aa, kisha aushike kwa koleo na kuusogeza karibu na sumaku. Msumari hautavutwa. Usubirini upoe kidogo, wekundu ukiisha, utavutwa tena. Msiitie sumaku yenyewe motoni, maana ikishapoteza nguvu yake haitaipata tena kwa kupoa tu.

Pierre Curie alilipima jambo hili kwa makini katika tasnifu aliyoitetea Paris mwaka 1895, na kiwango cha joto ambapo sumaku hupotea kimepewa jina lake. Chuma hupoteza usumaku wake kwenye nyuzijoto 770 hivi. Nikeli hupoteza mapema zaidi, karibu na 358. Kobalti inavumilia kuliko zote: inapita nyuzijoto 1100. Gadolini, metali adimu, hupoteza usumaku wake karibu na nyuzijoto 20, yaani katika chumba cha kawaida asubuhi ya baridi.

Sababu yake iko ndani ya atomu. Kila elektroni ina chaji ya umeme, na juu ya hiyo ina spini, yaani ni sumaku ndogo yenyewe kwa asili yake. Hakuna njia ya kuinyang'anya. Katika mbao au jiwe la kawaida, spini za elektroni zinaelekea huku na huku na kufutana. Katika chuma, kobalti na nikeli, atomu jirani hulazimishana kuelekea upande mmoja, na nguvu ndogo zikijumlishwa tunapata sumaku tunayoihisi mkononi. Joto ni mtikisiko wa atomu. Mtikisiko ukizidi ile nguvu ya kulazimishana, mpangilio unavunjika.

Ardhi yetu ya Afrika Mashariki imeandikwa kwa kanuni hiyohiyo. Volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto Goma Januari 2002, na tena Mei 2021, lava ilitoka ikiwa na joto kubwa kupita kiwango cha Curie cha madini yake ya chuma. Ilipopoa na kushuka chini ya kiwango hicho, ambacho kwa magnetiti ni nyuzijoto 580 hivi, chembe zake zilijipanga kufuata sumaku ya dunia ya siku hiyo, zikabaki hivyo. Mwaka 1963, Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha vipimo vya lava ya zamani ya Olduvai, Tanganyika, yenye umri wa karibu miaka milioni 1.8. Miamba mingi ya enzi ile duniani inaonyesha dira iliyogeuka, kaskazini ikiwa kusini. Lava ya Olduvai ilionyesha mwelekeo wa kawaida. Kipindi hicho kifupi, ambapo sumaku ya dunia ilirudi kwenye mwelekeo wa leo kisha ikageuka tena, sasa kinaitwa Olduvai katika vitabu vya jiolojia vya dunia nzima. Jina la bonde la Tanzania limekuwa kipimo cha muda kwa watu wanaochimba mashimo chini ya bahari ya Pasifiki. Najivunia hilo kila ninapolifundisha.

Mpaka hapo, joto ni kitu kinachovunja mpangilio wa sumaku, na kupoa kunaurudisha. Lakini yote hayo yanahusu joto lililo sawa kila mahali ndani ya kipande. Swali la Seebeck lilikuwa jingine: itakuwaje upande mmoja ukiwa na joto na mwingine ukiwa baridi?

Ili kujibu, lazima tuelewe mkondo wa spini. Katika waya wa kawaida, elektroni zinasafiri na chaji zao, na spini zao zinaelekea ovyo. Tunapima chaji tu, ndio umeme wa nyumbani. Sasa wazia waya ambamo elektroni zenye spini ya juu zinakwenda kulia, na idadi ileile ya elektroni zenye spini ya chini inakwenda kushoto. Jumla ya chaji inayopita ni sifuri, kipimo cha ampea hakitaonyesha chochote. Lakini kuna kitu kimepita: usumaku umehama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Huo ndio mkondo wa spini. Ugumu wake unaonekana mara moja. Ukiwa na kitu ambacho vipimo vyote vya umeme vinasema hakipo, utakionaje?

Jibu lilianzia kwenye dhahabu. Mwaka 1879, Edwin Hall, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, Marekani, alibandika karatasi nyembamba ya dhahabu juu ya kioo, akaiweka katikati ya ncha za sumaku kali, kisha akapitisha umeme. Alitaka kujua kama sumaku inausukuma umeme wenyewe au inasukuma waya tu. Alitumia dhahabu kwa sababu inafulika ikawa nyembamba kuliko metali nyingine yoyote, na kadiri utando unavyokuwa mwembamba ndivyo athari inavyoonekana. Akapata volti ndogo upande wa pembeni, pale ambapo kabla hapakuwa na kitu. Dhahabu ya Kilo, hapa kwetu Ituri, ilikuwa bado haijajulikana kwa Wazungu. Waliigundua mwaka 1903.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1971, Mikhail Dyakonov na Vladimir Perel wa Urusi ya Kisovyeti walitabiri kwa hesabu jambo la ajabu zaidi. Elektroni ikipita karibu na kiini cha atomu nzito, njia yake inapinda, na upande wa kupinda unategemea spini yake. Za juu hupinda huku, za chini hupinda kule, bila sumaku yoyote ya nje. Umeme wa kawaida ukipita ndani ya metali nzito, spini zinakusanyika kwenye kingo. Jambo hilo lilionekana kwa macho ya vipimo mwaka 2004 tu, Santa Barbara, Kalifornia. Na miaka miwili baadaye, Eiji Saitoh na wenzake wa Japani walionyesha upande wa pili wa sarafu hiyohiyo: mkondo wa spini ukiingia kwenye platini, unageuka volti ya kawaida ya pembeni, ambayo kipimo cha volti kinaisoma. Hapo ndipo tulipopata jicho. Atomu zinazofaa kwa kazi hii ni zile nzito, na mtu anayejua jedwali la elementi atazitambua kwa namba zao: tantali 73, wolframu 74, platini 78, dhahabu 79.

Sasa tumrudie Seebeck. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Keio, Japani, Ken-ichi Uchida, aliyekuwa bado mwanafunzi, pamoja na Saitoh na wenzao, walichukua utando wa nikeli na chuma wenye urefu wa milimita chache. Upande mmoja waliupasha joto. Kwenye miisho yake waliweka vipande vyembamba vya platini. Volti ikatokea kwenye platini, na ishara yake ilikuwa chanya upande mmoja na hasi upande mwingine. Walipogeuza mwelekeo wa sumaku, volti nayo ikageuka. Wakatangaza kwamba tofauti ya joto imesukuma spini ndani ya sumaku. Waliipa jina la athari ya Seebeck ya spini, na nadhani mzee yule angelilia kwa furaha.

Mwaka 2010 kundi hilohilo lilitoa habari nzito zaidi. Waliachana na metali, wakatumia ganeti ya itriamu na chuma, fuwele ya sumaku ambayo Bertaut na Forrat waliieleza huko Grenoble mwaka 1956. Fuwele hiyo haipitishi umeme kabisa. Hakuna elektroni inayosafiri ndani yake. Hata hivyo, platini iliyobandikwa juu yake ilitoa volti palipokuwa na tofauti ya joto. Kitu gani basi kilisafiri?

Hapa ndipo ulipo moyo wa mhadhara huu, na sisi wa Bogoro tuna faida ya kuuelewa kwa sababu ya mahali tulipo. Barabara yetu inashuka ukingo wa bonde mpaka Kasenyi, na kila mmoja anajua jinsi joto linavyoongezeka unaposhuka kwenye Ziwa Albert. Wavuvi wa Kasenyi na Tchomia wanajua kwamba mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani. Usiku nchi inapoa upesi, upepo ukageuka. Hakuna mkono unaousukuma upepo huo. Tofauti ya joto peke yake inatosha. Ndani ya fuwele ya sumaku pia kuna kitu kinachoweza kuvuma. Spini moja ikiyumba, inamyumbisha jirani, na jirani anamyumbisha wa tatu. Myumbo huo unasafiri kwa mawimbi, ingawa atomu zinabaki palepale. Felix Bloch aliyaeleza mawimbi hayo mwaka 1930, na chembe za mawimbi hayo tunaziita magnoni. Penye joto magnoni ni nyingi, penye baridi ni chache. Kwa hiyo zinavuma kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, zikiwa zimebeba spini. Zikifika kwenye mpaka wa platini, zinaigusa elektroni ya platini na kuikabidhi spini. Platini inapinda njia ya elektroni, na volti inatokea.

Umbali nao una maana. Ndani ya platini, spini iliyobebwa na elektroni inasahau mwelekeo wake baada ya nanomita chache. Ndani ya ganeti ile, kundi la Groningen, Uholanzi, lilipima mwaka 2015 kwamba magnoni zinabeba spini kwa mikromita 10 hivi katika joto la kawaida la chumba. Ni umbali mdogo kwa macho yetu, lakini ni maelfu ya mara zaidi ya ule wa kwanza, na katika vifaa vya leo vinavyopimwa kwa nanomita ni safari ndefu sana. Na kwa kuwa hakuna elektroni inayosafiri, hakuna ule upotevu unaoifanya simu ipate joto mfukoni.

Wanafunzi, msikilize vizuri sehemu inayofuata, maana inaonyesha sayansi ilivyo kweli. Jaribio la kwanza la 2008 lilizua ubishi mkali. Mashaka yalitoka mahali pasipotarajiwa: kile kipande cha kioo au fuwele ambacho utando umelazwa juu yake. Watafiti wa Johns Hopkins, chini ya Chia-Ling Chien, walionyesha mwaka 2011 kwamba joto halisafiri kufuata utando peke yake. Linazama pia chini, kwenye tabaka lililobeba utando. Na metali ya sumaku ikiwa na tofauti ya joto ya juu kwa chini inatoa volti yake yenyewe, kwa njia iliyojulikana tangu Nernst na Ettingshausen mwaka 1886. Volti mbili za asili tofauti zinaonekana sawasawa kwenye kipimo. Makundi mengine yaliyorudia jaribio la utando wa metali kwa uangalifu zaidi hayakuipata ile ishara ya spini. Leo watu wengi wa fani hii wanategemea mpangilio mwingine, ambapo joto linapita moja kwa moja kutoka kwenye sumaku isiyopitisha umeme kuingia kwenye metali nzito iliyo juu yake. Huo umerudiwa katika maabara nyingi, na unasimama.

Lakini Chien hakuishia hapo. Platini ni metali iliyo karibu kuwa sumaku. Ikigusana na sumaku, je, haiwezekani sehemu yake ya mpakani igeuke sumaku na kutoa volti ya uongo? Ilihitajika metali nzito isiyoambukizwa usumaku kwa urahisi. Wakachukua dhahabu. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya dhahabu juu ya ganeti: volti ilikuwepo, ndogo kuliko ya platini, lakini safi. Kwangu mimi hakuna ukurasa mzuri zaidi katika hadithi hii yote. Chuo kilekile ambamo Hall alibandika karatasi yake ya dhahabu mwaka 1879 ndicho kilichotumia dhahabu, miaka 134 baadaye, kuondoa shaka.

Dhahabu hiyohiyo ndiyo inayooshwa kwenye karai kule Mongbwalu. Mchimbaji anaipima kwa mizani ndogo, mnunuzi anaijaribu kwa asidi, na wote wawili wanajua kwamba haipati kutu. Ningependa wajue pia kwamba inageuza spini kuwa volti.

Nije sasa kwenye tantali, maana hapo nchi yetu imo ndani kabisa. Mnaijua kwa jina la koltani, jiwe jeusi zito la Kivu na la sehemu nyingine za mashariki. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Luqiao Liu, Chi-Feng Pai, Daniel Ralph, Robert Buhrman na wenzao walipitisha umeme kwenye utando wa tantali wa aina ya beta, na juu yake kulikuwa na tabaka jembamba la kobalti, chuma na boroni. Spini zilizokusanyika kwenye ukingo wa tantali ziliingia kwenye tabaka la kobalti na kuigeuza sumaku yake kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwa kila sehemu 100 za umeme, sehemu kati ya 12 na 15 ziligeuka mkondo wa spini. Mwaka huohuo walipata karibu 30 kwa wolframu ya aina ya beta. Sumaku inayogeuzwa namna hiyo ni sifuri na moja ya kumbukumbu ya kompyuta, na haifutiki ukizima umeme. Tantali, wolframu, kobalti: zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika nchi hii, upande wa Kolwezi na Likasi.

Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozitaka kampuni kueleza kama bati, tantali, wolframu na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo na nchi jirani, kwa sababu zilikuwa zinalisha vita. Kati ya metali hizo nne, tatu ndizo nilizowatajia leo kwa ajili ya spini. Kwa hiyo majina ya metali zetu yapo kwenye karatasi za wanasheria na kwenye karatasi za wanafizikia, na mara nyingi watu wa karatasi moja hawasomi ile nyingine. Sisi tunapaswa kuzisoma zote mbili.

Nasema hayo Bogoro nikijua nasimama wapi. Dunia inalijua jina la kijiji hiki kwa sababu ya tarehe 24 Februari 2003. Shule ya hapa, Institut de Bogoro, ilikuwa imegeuzwa kambi ya askari, na raia waliuawa ndani ya vyumba ambamo watoto walikuwa wakisomea. Mahakama ya The Hague ilimhukumu Germain Katanga mwaka 2014 kwa kuhusika na mauaji hayo, na mwaka 2017 majaji waliagiza fidia: dola 250 za alama kwa kila mmoja wa waathirika 297, pamoja na fidia za pamoja, kati yake msaada wa makazi, wa kazi za kipato, wa kutibu majeraha ya moyo na wa masomo ya watoto. Waliopoteza watu wao siku ile wako kati yetu hapa. Sitaki kufunika msiba wao kwa maneno ya fizikia. Nataka kusema tu kwamba chumba cha darasa kilichochukuliwa na bunduki kinadaiwa masomo, na masomo hayo yasiwe ya chini kuliko yale ya Baltimore au ya Keio.

Kuna ambao watauliza: basi bei ya koltani itapanda kwa sababu ya spini? Hapana, na nisiwape matumaini ya uongo. Utando wa tantali katika kifaa cha spini una unene wa nanomita chache. Piga hesabu: tantali ina uzito wa gramu 16.6 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Kilo moja ikitandazwa kwa unene wa nanomita 6, inafunika hektari nzima. Tantali nyingi ya dunia itaendelea kwenda kwenye kapasita za simu na kwenye injini za ndege. Kwa upande wa spini, thamani iko kwa anayejua kutandaza, kupima na kueleza, na hiyo haibebwi kwenye gunia wala haipitishwi mpakani kwa siri. Ndiyo sababu naijali kuliko bei.

Manufaa yenyewe bado ni machanga. Volti ya athari ya Seebeck ya spini ni ya mikrovolti kwa kila nyuzijoto ya tofauti, katika sampuli ya milimita chache. Uzuri wake ni kwamba volti inaongezeka kadiri unavyorefusha utando, hivyo unaweza kupaka sehemu kubwa badala ya kuunganisha vipande vingi vidogo. Kampuni ya NEC ya Japani, pamoja na Uchida na Saitoh, walionyesha mwaka 2012 namna ya kupaka tabaka la sumaku na platini juu ya kioo likawa kizalishaji cha umeme wa joto. Umeme uliopatikana ulikuwa mdogo mno. Hakuna atakayewasha balbu nao leo. Kwa upande wa kuhifadhi data, joto limeshaingia kazini: kampuni ya Seagate ilitangaza mwaka 2024 diski ambazo leza inapasha doa dogo la sumaku mpaka likaribie kiwango chake cha Curie, liandikwe, lipoe, libaki na maandishi yake. Ni kazi ileile ya lava ya Olduvai, ikifanyika kwa muda mfupi kuliko sehemu ya milioni ya sekunde.

Tuanzie wapi sisi? Kongo si ngeni katika fizikia: kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa, wakati huo Léopoldville, mwaka 1959. Kilichokosekana ni mwendelezo. Shule ya sekondari inaweza kuanza na kile alichokifanya Seebeck. Chukueni waya wa shaba na waya wa breki ya baiskeli, ambao ni wa chuma. Sokoteni ncha mbili pamoja, nyingine mbili ziunganishwe na testa ya fundi wa simu, iliyowekwa kwenye milivolti. Tumbukizeni kiungo kwenye maji yanayochemka. Mtasoma karibu milivolti moja. Andikeni. Kisha pasheni kiungo zaidi kwenye makaa, na mtaona jambo ambalo kitabu cha darasa hakisemi: volti inapanda mpaka mahali fulani, halafu inaanza kushuka ingawa joto linaongezeka. Mwalimu atakayewaacha wanafunzi wabishane juu ya jambo hilo siku nzima atakuwa amefundisha vizuri.

Kwa Chuo Kikuu cha Bunia, chuo cha ualimu cha ISP na Chuo Kikuu Shalom, pendekezo langu ni kubwa kidogo, lakini linawezekana. Mashine ya kutandaza metali kwa nanomita ni ghali na inataka umeme usiokatika. Kupima si ghali namna hiyo. Panahitajika sumaku ya umeme ya wastani, kipimo cha nanovolti, sahani mbili za Peltier, moja ya kupasha na moja ya kupoza, vipima joto, na betri za sola, ambazo kwa kazi hii ni bora kuliko umeme wa jenereta kwa sababu hazina ule mtetemo wa hezi 50 unaoharibu volti ndogo. Sampuli zinaweza kuombwa kwa maabara za nje. Ni vipande vya milimita chache na vinaingia kwenye bahasha.

Sampuli ya kwanza isiwe ya platini, ambayo kila makala inaionyesha. Iwe ya tantali juu ya ganeti. Ganda dogo la platini liitwalo 5d lina elektroni 9 katika nafasi zake 10, la tantali lina 3 tu. Moja limepita nusu, lingine halijafika nusu, na kwa sababu hiyo spini hupinda upande wa kinyume. Mwanafunzi atakayepasha sampuli ile atapata volti yenye ishara kinyume na iliyochapishwa kwa platini. Kwanza atadhani ameunganisha nyaya vibaya. Atazibadilisha, atarudia, na ishara itabaki ileile, mpaka itambidi aeleze mbele ya wenzake kwa nini tantali inafanya hivyo.